Mfuko wa Ndani

Mwaka ule wa sabini na nane sikushona magauni.
Walikuja Magomeni baada ya magharibi,
gwanda kwapani, sauti chini
kama watu wanaoulizia gongo:
"Mama, nishonee mfuko wa ndani."

Sikuuliza. Fundi hupima, hahoji.
Ila kitu kisichotajwa jina
hutaja ukubwa wake.

Koplo Haule alitaka wa inchi moja:
jino la mwanawe, la kwanza kung'oka,
lililopaswa kurushwa juu ya paa.
Nyangeta, yule mrefu wa Lugalo,
alileta ufunguo wa chumba cha kupanga Keko.
Nikamwambia, mwenye nyumba atampangisha mwingine.
"Abadilishe kitasa," akasema. "Ufunguo ni wangu."
Na kijana wa mgambo, ndevu bado,
nusu ya tiketi ya basi la UDA.
Nusu ya pili anayo nani?
Akainama, akatazama viatu vyake,
vipya, vikubwa, si vyake.

Vyote nilivishonea upande wa moyo
kwa uzi uliobaki kwenye sare za shule.

Wa mwisho alikuwa Kondo, mume wangu.
(Bibi aliposikia jina siku ya posa
alikunja uso: "Kondo ni vita, mjukuu wangu.
Unaolewa na vita?")
Akasema, "Na mimi."
Huyu nikamhoji, maana mume huhojiwa.
Wa kuweka nini?
"Kitu kidogo."
Kidogo kama nini?
Akaonyesha kidole gumba, kuanzia kwenye kifundo.
Picha yangu haienei humo.
Nikamshonea kwa hasira, mshono wa kubana,
nikidhani nahifadhi hirizi,
au pete ya mtu.

Wiki ile ile subana yangu ikapotea.
Ya shaba, ya mama yangu,
ina vitundu kama uso wa aliyeugua ndui.
Nilipindua mkeka, kopo la vifungo, droo ya cherehani.
Kisha nikamtazama Siwema, mwanafunzi wangu,
miaka kumi na minne, mkono mwepesi kuliko wangu.
Sikumwita mwizi.
Nilisema tu, "Kesho usije."

Treni ikaondoka na Kondo.
Nikabaki na kidole kitupu.
Kila nguo niliyoshona miezi ile
ina tone la damu ndani ya pindo;
waliozivaa hawajui.

Gwanda lilirudi Juni, ndani ya karatasi ya kaki,
na afisa aliyekataa kiti.
Mshono wangu wa hasira
haukuwa umeachia hata uzi mmoja.
Nikafumua.

Subana.
Ndani udongo mwekundu, umekauka.
Na ukingoni alama za meno.
Alikuwa akiing'ata. Usiku gani,
kwa kuzuia ukelele gani, sikuambiwa.
Nilipima, ndiyo kazi yangu:
meno mawili ya juu, na nafasi katikati.
Mwanya ule naujua. Ndio ulioniozesha.

Kesho yake nilikwenda Kigogo kwa miguu.
Siwema alikuwa anakaanga vitumbua barazani,
akanitazama kama mteja.
Nikafungua kiganja.
Akaiona subana. Akaona kaniki yangu.
"Alikuwa nayo nani?"
Nikataja jina.
Akageuza kitumbua, akageuza cha pili, kikaungua.
Akanifungia vitatu kwenye gazeti, akakataa senti zangu.
Kurudi kazini hakurudi.
Sikuwa na haki ya kumwomba.

Subana ninayo. Siivai, siisafishi.
Kidole kimeota sugu, sindano hainiumizi tena.

Bado wanakuja, watoto wa waliokuja,
wengine wanakwenda Kongo, wengine Darfur,
na simu zao na mapicha yao yote humo,
na bado wanataka mfuko wa ndani.
Siku hizi nahoji.
Kabla sijashika chaki namuuliza kila mmoja:
"Ulichochukua, mwenyewe anajua?"
Hucheka.
Juzi mmoja hakucheka.
Akakaa kimya, kisha akasema,
"Mama, ngoja kwanza. Narudi."